Fimbo ya Mzee Mboje

Mek, upo? Acha unachofanya usome. Nimefanya ujinga, na bado niko ndani ya basi.

Uhamiaji wametusimamisha baada ya Lamadi. Afisa akapanda, akachungulia, akamwambia dereva aende. Mek, alishamwambia AENDE! Mimi nikafungua mdomo. Eti, "Samahani afande, kwa ibara ya kumi na sita ya Katiba, mnatupekua kwa sababu gani?"

Hakuwa amempekua mtu.

Akanitazama. "Vizuri, dada mwanasheria. Basi wote shukeni, kila mtu na kitambulisho chake."

Mwanasheria! Mwaka wa pili tu wa sheria, na hiyo Katiba yenyewe nilikopi kwenye notisi zako.

Mimi kitambulisho ninacho. Jirani yangu wa kiti hakuwa nacho. Mzee Mboje, mfugaji wa Mwanhuzi, tumepiga stori tangu Magu. Kiswahili chake kidogo, anaunga na Kisukuma. Afisa akamuuliza, "Wewe raia wa wapi?" Mzee akababaika. Wakamzuia pale.

Nikasema namfahamu. Afisa akacheka, "Tangu lini?"

Tangu Magu, Mek.

Halafu mzee akanishika mkono. "Wabeja, mwanangu. Umetusemea."

Ananishukuru! Anadhani nilikuwa namtetea!

Basi likaondoka bila yeye. Fimbo yake ya kuchungia iko hapa miguuni kwangu. Konda kapita sasa hivi anauliza ni ya nani.

Mimi mwenye mdomo wote ule, sijamjibu.