Mkono Kwenye Tangazo la Polisi

Moroni, Ijumaa

Nilidhani ndani ya joho na kilemba hakuna atakayemtambua. Ndiyo maana polisi walipokuja na mmoja wa wale mamluki wa Kizungu wanaotutawala kutaka picha ya Saidi, rafiki yangu aliyesambaza karatasi za kuwapinga, niliwapa ile ya harusi yake kubwa. Kumbe siku ile ndiyo mji mzima ulimtazama, na hivyo hivyo alivyovaa! Mjinga mimi. Mwoga pia, niseme kweli.

Tangazo limebandikwa sokoni Volo Volo: ANATAFUTWA. Mimi niliyesimama naye nimekatwa pichani, ila mkono wangu umebaki begani kwake, na pete yangu kidoleni.

Leo mama yake kafika kutoka Mutsamudu, akaniomba nimpeleke akaione picha. Alisogea, akagusa, si uso wa mwanawe, bali ule mkono.

"Huu wako, mwanangu. Nimeijua pete," akasema. "Wenzake wote wamemkimbia, wewe hukumwacha. Mungu akulipe."

Watu walikuwa wanatutazama. Nikaitikia amina.