Mashine Inayoitwa Leokadia

Bujumbura, Alhamisi, mwezi wa nne. Mvua.

Imenyesha tangu asubuhi, ile mvua nyembamba isiyo na haraka, na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa imefutika kabisa. Utadhani dunia inaishia pale majini. Nimevaa kitenge cha harusi na blauzi ya kazi chini ya koti kwa sababu nguo zangu nyingine hazijakauka. Na pia kwa sababu nakipenda, kinanihakikishia kwamba ni kweli.

Mimi ni mke wa Rama.

Acha nifurahi kidogo, ukurasa huu ni wangu. Rama mwenyewe ndiye aliyenifungulia kwenye mtandao, iwe zawadi ya harusi. Wenzangu walipewa sufuria! Mimi ni mke wa Rama, fundi wa kompyuta, ambaye ananukia sabuni na waya ulioungua, na akilala hukunja mkono chini ya shavu kama mtoto. Shangazi ananiambia niache kumtazama mutu akilala, nitamumaliza.

Lakini leo kuna jambo lingine, na sijui nimweleze nani. Naandika haraka hapa kwenye chumba cha mtandao cha rafiki yake Rama, huku Buyenzi, kabla haijafika saa ya usiku ambayo serikali imekataza kutembea.

Kazi yangu ni keshia wa mapokezi kwenye hoteli ndogo kule Kibenga, bustani yake inashuka mpaka ziwani. Wageni wetu ni watu wa misaada na wazungu wa kulinda amani, na wengi wanalipa kwa kadi. Hoteli zenye mashine ya kadi mjini hapa ni za kutafuta. Madamu Konsolata, mjane mwenye hoteli, anajivunia ile mashine kuliko bustani yenyewe.

Mwezi uliopita benki inayoshughulikia kadi ilituletea masharti mapya. Kila kompyuta inayoweza kuifikia mashine ya kadi lazima ilindwe na ikaguliwe, moja moja. Mtu wao angekuja leo. Tukishindwa, anaondoka na mashine yake. Na sisi kompyuta zetu zote zilikuwa kwenye mtandao mmoja: ya jikoni, ya baa, ya stoo, mpaka zile za wageni sebuleni ambazo kila anayepita huzichomekea disketi yake.

Madamu alimpa Rama kazi ya kuzipanga. Akifaulu, anaajiriwa kabisa. Na akiajiriwa, tunahama nyumbani kwa shangazi, ambako chumba chetu na cha wapwa zangu vinatenganishwa na pazia.

Pazia! Mlioolewa mtanielewa.

Rama alinieleza mpango wake tukiwa tunakula ndagala, dagaa wa ziwani. Alianza kwa kunikumbusha harusi yetu. Siku ile watu walijaa uani mpaka barabarani, na mimi nilikuwa chumbani na bangili za dhahabu za kuazima. Shangazi asingeweza kumchunguza kila mgeni. Basi akaweka kiti mlangoni kwangu, akakalia, akatangaza, "Mwenye hana hina ku mukono, asipite!" Rama alipokuja kuchungulia, akaambiwa, "We bwana harusi, onyesha mukono." Mkono mweupe! Alirudishwa kama mwizi wa kuku, na ndugu zake walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Basi mi nafanya ile ya shangazi," Rama akasema. "Mashini ya kadi ndo bibi harusi. Naiweka mu chumba yake, iko na kompyuta yako tu. Zile zingine zibaki inje, zicheze ngoma. Mutu wa benki atakagua mulango moja, hatakagua harusi yote."

Nilimpenda upya pale pale, na ndagala mkononi.

Jumatatu akaja na visanduku viwili vya kuunganishia nyaya. Kimoja cha hoteli nzima. Kingine cha bibi harusi, na mbele yake akaweka mlinzi, kifaa cha kuruhusu njia moja tu, ya kwenda benki. Nyaya zote zilizokuwa chini ya meza yangu alizichomeka upande wa bibi harusi. Alidhani zote ni zangu. Mimi pia nilidhani hivyo.

Sasa nikiri kitu. Kila siku saa kumi na moja jioni, nikifunga hesabu, mashine ya kadi hupepesa taa yake bila mtu kuigusa. Nimeliona hilo tangu nianze kazi. Niliamini ndiyo tabia yake. Siku nyingine nikiwa peke yangu nilikuwa naiambia, "Haya, na wewe uende salama."

Jumatatu Rama alikuwapo. Taa ikapepesa.

"Zaina, umegusa nini?"

"Sijagusa kitu. Inafanyaka ivyo kila siku."

"Kila siku? Inaongea na nani?"

Akachutama chini ya meza. Palikuwa na waya mmoja ambao haukuja kwenye kompyuta yangu wala kwenye mashine. Uliingia ukutani. Akarudi kwenye kompyuta, akaandika maneno yake ya kifundi ya kuuliza jina la huyo anayebisha hodi, maana kompyuta nazo hupewa majina.

Jina likatokea kwenye kioo. LEOKADIA.

Nililijua jina hilo.

Leokadia alikuwa keshia kabla yangu. Ni mtoto wa dada yake Madamu, na Madamu ndiye aliyemlea. Mwaka juzi, zile siku makombora yalipokuwa yanaanguka mjini, alitoka kazini mchana kwenda Musaga kumtazama mama yake. Hakufika kwa mama yake. Hakurudi kazini. Hakuna aliyeuona mwili, kwa hiyo hakuna aliyezika.

Blauzi yangu ya kazi ilikuwa yake. Jina walilifumua kabla ya kunipa, lakini matundu ya sindano yapo bado kifuani. Nikipiga pasi nayasoma kwa kidole.

Na nyuma ya meza yangu, ng'ambo ya ule ukuta, kuna chumba kinachofungwa na ufunguo wa Madamu. Hutoka mngurumo mdogo kule ndani. Siku zote nilijua ni friji.

Juzi tulimwambia Madamu. Hakushtuka. Akatoa ufunguo shingoni mwake, akafungua.

Hakukuwa na vumbi. Kalenda imebaki kwenye ule mwezi. Viatu vya kazini vimepangwa chini ya kiti, visigino ndani, kama vya mtu aliyevaa kandambili akatoka mara moja. Na kompyuta inawaka. Umeme ukikatika inazimika pamoja na hoteli nzima, na ukirudi inajiwasha yenyewe.

Rama aliketi akaitazama. Leokadia alikuwa ameipangia kazi: kila jioni, saa ya kufunga, iiulize mashine ya kadi malipo ya siku, iyaweke. Mwenyewe hayupo, lakini kazi haikukoma. Namba za kadi za wageni wote waliolala kwetu zilikuwa zimejaa mle, na hilo ndilo benki isilolitaka kuliko yote. Mkaguzi akiziona, mashine inaondoka.

"Madamu, lazima niifute na niizime," Rama akasema.

"Apana."

"Madamu, Alhamisi..."

"Nimesema apana. Mutoto aliacha mashini yake inawaka. Akirudi akute mutu ameizima? Nitamuambia nini? Eti tulichoka kumungoja?"

Akafunga mlango, ufunguo ukarudi shingoni.

Ule usiku Rama alikula matonge mawili tu. Nami nilifanya vibaya. Nilimwambia auchomoe ule waya upande wetu kimya kimya, Madamu hatajua. Nilikuwa nawaza lile pazia. Rama akaniangalia, wala hakukasirika. Aliuliza tu, "Na kama ingekuwa mashini yako, Zaina?"

Nikakusanya sahani.

Jana asubuhi alimfuata Madamu mwenyewe. Alimwambia hatazima. Namba za kadi zitafutwa, kwa sababu ni za wageni, si za Leokadia. Picha zake na kila alichoandika vitabaki. Halafu kompyuta ile itapewa kisanduku chake yenyewe, peke yake, iwe na chumba chake ndani ya mtandao kama ilivyo na chumba chake ndani ya nyumba. Mashine ya kadi haitaiona tena.

"Itaendelea kuita?" Madamu akauliza.

"Itaita, Madamu. Lakini haitafika."

Madamu akageukia bustani.

"Basi, iite," akasema. "Muradi inaita."

Rama alipokuwa anafuta, Madamu alisimama nyuma yake ameshika mgongo wa kiti, kama mtu anayesukuma mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu. Walipomaliza hakufunga mlango. Kwa mara ya kwanza aliuacha wazi.

Leo mtu wa benki amekuja, viatu vyote maji. Alikagua kompyuta yangu, mashine ya kadi na yule mlinzi. Akaunyooshea kidole mlango ulio wazi. "Na kule?"

Madamu alikuwa ameushika ufunguo wake kwa ngumi. Rama akajibu, "Kule ni upande mwingine kabisa. Hakuna njia ya kufika huku."

Mkaguzi hakumwamini kwa maneno. Alichomeka kompyuta yake kwenye kile kisanduku cha Leokadia, akajaribu kuifikia mashine ya kadi kwa kila njia aliyoijua, kisha akaichomoa. Hakuna kilichopita. Akasaini.

Madamu akamgeukia Rama. "We utaanza Jumatatu. Na bibi yako asikucheleweshe kulala na kuamuka, naona munavyotazamana."

Niliona haya mpaka masikioni. Tunahama, jamani! Tunakwenda kupata mlango wa mbao, wenye kitasa!

Ningeweza kukomea hapo.

Saa kumi na moja nikafunga hesabu. Mashine ya kadi ilikaa kimya. Hakuna taa iliyopepesa. Nilijisikia kama mtu anayenisalimu kila siku amenipita bila kunitazama.

Nikainuka, nikaenda mpaka kwenye ule mlango. Kioo kilikuwa kinawaka kwenye chumba cha giza la mvua. Pembeni kile kisanduku kipya, waya mmoja tu, na taa yake inapepesa, inapepesa, bila kupumzika. Rama alikuwa ameniambia: kwa kuwa haipati jibu, itarudia kuuliza mpaka asubuhi, nisiogope.

Nilisimama pale nimevaa blauzi yake. Matundu ya jina yalikuwa yananiwasha kifuani. Nikasema kwa sauti ndogo, "Dada, tumefunga. Hesabu iko sawa. Pumzika."

Taa ikaacha.

Njiani kurudi nilimweleza Rama. Akasema labda programu inachoka, ina kikomo chake.

"Lakini ulisema mpaka asubuhi."

 Alinishika mkono, na hakuuachia mpaka tulipofika Buyenzi, mbele za watu, yeye ambaye huona haya hata kunibebea kikapu.

Nitakapohamia nyumba yangu nitamwambia Rama jambo moja: siku nikichelewa kurudi, asizime kitu.

Na kesho nitafunga hesabu tena. Ningeweza kukaa kimya kuona kama taa itapepesa hadi asubuhi, na hapo ningejua ni programu au ni nini. Sitaki kujua. Ikifika saa kumi na moja nitakuwa nimeshasimama mlangoni kwa Leokadia. Nitamjibu kabla hajaita.