Mpira Uliopinda Kushoto

Gesima,
Jumapili asubuhi.

Ndugu yangu mpendwa Mose,

Pokea salamu zangu wewe na Emily, nami naomba Mungu ziwakute mkiwa wazima huko Thika. Emily anaendeleaje na ujauzito? Mara ya mwisho uliniambia hawezi kuvumilia harufu ya kitunguu kikikaangwa, hata cha jirani. Natumaini sasa anakula vizuri. Huku nyumbani mvua haijakosa, chai imechipua kuliko nilivyotarajia, na ile migomba aliyopanda marehemu mama nyuma ya jiko imezaa mikungu ambayo siwezi kuimaliza peke yangu. Kanisani wanakuulizia kila Sabato.

Utashangaa kwamba ninakuandikia barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe hunikatiza, nami nikikatizwa katikati ya jambo gumu hushindwa kuendelea. Kwa hiyo kaa chini, usome mpaka mwisho, na tafadhali soma kwanza ukiwa peke yako.

Nitaanzia kwenye gofu. Najua wewe huucheka mchezo huo na kuuita kazi ya kupoteza mpira na kuutafuta, lakini vumilia. Unakumbuka kwamba nilianza kwa kubeba mifuko ya wachezaji pale uwanjani mjini Kisii, na kwamba aliyenitoa kwenye kubeba akaniingiza kwenye kucheza ni Mama Ishan, yule mwanamke wa Kihindi aitwaye Manju, mwenye duka la vitambaa yeye na mumewe Bipin. Fimbo zangu za kwanza zilikuwa zake. Mwanzoni mwa mwaka huu nilipigiwa simu kwamba nimechaguliwa kwenda Nairobi kwa mchujo wa timu ya taifa ya wanawake. Nilikuwa kwenye chai, na kikapu mgongoni, nikakaa chini palepale kwenye matope. Katika umri wangu, Mose, sikutegemea tena. Mama Ishan alifunga duka mchana ule akaja uwanjani na sanduku la peremende akagawia kila mtu, hata wafyekaji nyasi.

Kisha draiva yangu ikaharibika. Draiva ni ile fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa ambayo tunafungulia nayo kila shimo, na kwangu ndiyo iliyokuwa silaha. Fimbo yenyewe ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni mpigo. Mpira uliondoka vizuri, ukapanda, halafu juu kule ukageuka kushoto kama umeitwa jina, ukashuka kwa kasi ndani ya nyasi za ng'ombe za watu. Siku ya kwanza nililaumu mvua. Siku ya pili nikalaumu glavu. Baadaye nikaanza kujitibu mwenyewe, na nilijitibu vibaya: kwa kuwa mpira ulikuwa unakwenda kushoto, nikaanza kusimama nikielekea kulia. Kila nilipoelekea kulia zaidi, ulizidi kupinda. Wanawake waliokuwa wakikata nyasi kule chini walijifunza kujificha nyuma ya mti wakiniona nimepanda kwenye kilima cha kuanzia.

Mama Ishan aliniacha nihangaike kwa muda, kisha akaniuliza kama nimemaliza kujidanganya. Alinieleza kwamba mpira hupinda kushoto kwa sababu uso wa fimbo umejifunga unapoufikia mpira, na kuelekea kulia ni kuongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Akaanza na mikono. Nilikuwa nimeuzungusha mkono wa kushoto juu ya kishikio mpaka nikitazama chini naona vifundo vyote vya vidole. Akaurudisha mpaka nikawa naona viwili tu. Mkono wa kulia ulikuwa umeteleza chini ya fimbo kama wa mtu anayechota maji. Akaupandisha ukakaa ubavuni. Akanirudisha miguu ikaelekea nilikotaka mpira uende. Halafu akaniambia kosa kubwa ni kwamba ninapopiga, nyonga zinasimama na mikono inalazimika kumalizia kazi, na mikono ikimalizia hujikunja. Akataka nigeuke mpaka kitovu kitazame shimo. Nilipiga nusu mpigo, nusu mpigo, kama mtoto anayejifunza kuandika, asubuhi kabla ya kuchuma chai na jioni baada ya kuipeleka kituoni.

Draiva ilipona, Mose. Nataka ujue hilo, kwa sababu zilikuwa wiki nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Mpira ulikwenda mbele ukawa unakwenda mbele tu. Nilikuwa narudi Gesima jioni nikiimba, na nikilala naona ule mpira mweupe ukinyooka juu ya miti.

Halafu yakaja mashindano ya klabu, na wageni kutoka miji mingine. Nikasimama mbele ya watu wote, nikashika fimbo kama nilivyofundishwa, vifundo viwili, miguu sawa. Mpira ukaenda kushoto. Nikapiga wa pili, kushoto. Mchana kutwa nilitembea kwenye nyasi za watu nikitafuta mipira, na wale wageni wakiniangalia kwa huruma. Nilipomaliza, Mama Ishan alinijia akasema taratibu kwamba tutarudi kwenye mikono. Mimi nikatupa draiva chini na kumwambia mbele za watu arudi dukani akapime vitambaa, gofu haijui. Aliinama akaokota fimbo, akaifuta udongo kwa ncha ya shali yake, akairudisha kwenye mfuko wa fimbo. Nilijishangaa njia nzima. Wewe unanijua, hata tulipokuwa wadogo mimi ndiye niliyekuwa mpole.

Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi. Alinipa chai, na kikombe kikaniponyoka kikavunjika kwenye sakafu ya duka. Akanitazama kwa muda mrefu, akaniambia twende uwanjani. Safari hii hakusimama nyuma yangu kuangalia mpira unakwenda wapi. Alisimama mbele, akachuchumaa, akaangalia mikono yangu tu. Nilipiga mipira mingi. Sikumbuki ilikokwenda. Mwishowe akasimama akaweka mikono yake juu ya yangu, palepale kwenye kishikio, akatulia.

"Nyakerario," akasema, "mkono wako unajifunga na kujifungua wenyewe. Wewe husikii?"

Nilimwambia ni baridi. Akasema kwanza alidhani ni wasiwasi, ndiyo maana akanisahihisha vidole miezi yote hii, lakini vidole vilikuwa sahihi ninapoanza na vimehama ninapofika juu, na mtu hawezi kufundishwa kushika kitu ambacho mkono wake unakiachia bila kumwambia. Halafu akaniomba msamaha, yeye aniombe mimi, kwa kuniambia nilikuwa najidanganya.

Alinipeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu huko Kisumu. Daktari alikuwa kijana mpole. Akaninyooshea vidole vyake viwili akaniambia nivibane nisiachie. Nikabana. Akauliza kama nahisi ninachofanya, nikasema nimebana. Akanionyesha: mkono wangu ulikuwa ukikaza na kulegea, ukikaza na kulegea, kama unakamua ng'ombe. Nikacheka, nikamwambia kweli mimi hukamua kila asubuhi. Yeye hakucheka. Akaniuliza habari za baba.

Mose, wewe ulikuwa na miaka minane, sijui unakumbuka kiasi gani. Nikamweleza jinsi baba alivyoanza kwa kuangusha vitu, jembe, sahani, Biblia kanisani. Jinsi mabega yake yalivyokuwa yakicheza akiwa amekaa. Jinsi alivyogeuka kuwa mkali mpaka mama akawa analala jikoni, na mwishowe asiweze kumeza uji bila kushikwa kichwa. Daktari alikuwa akiitikia kwa kichwa kabla sijamaliza kila sentensi, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua. Akachukua damu.

Majibu yalitoka juma lililopita. Mama Ishan alikuwa ameketi karibu yangu. Ugonjwa unaitwa Huntington. Unaingia kwenye ubongo taratibu na hauna dawa ya kuuponya. Kuna za kutuliza mikono kidogo, basi. Ninao. Nitakuwa kama baba, na itachukua miaka. Nairobi siendi. Nimeshawapigia simu nikasema nimeumia mgongo, kwa sababu huo ni ugonjwa ambao watu hawaulizi zaidi.

Na haukumwingia baba kutoka nje. Ulikuwa katika damu yake, na kila mtoto wake amezaliwa akiwa ama ameupata ama ameukosa, nusu kwa nusu. Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara nyingi, sikuona njia nyingine ya kuisema. Wewe pia ni mtoto wake. Na kama unao, mtoto aliye tumboni mwa Emily naye yuko kwenye nusu hiyohiyo. Mimi sina mtoto, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwa hilo, kisha nikajichukia kwa kushukuru wakati wewe unangojea wako.

Nilipotoka kwa daktari jambo lililonijia kwanza halikuwa gofu wala kifo. Lilikuwa Shangazi Bathsheba. Yeye aliporudi nyumbani kutoka kwa mume asiyemtaka, baba alimjengea kule mwisho wa shamba, na baba alipoanguka kitandani ndiye aliyekuwa akimnywesha uji. Ndiyo sababu wanakijiji walimshika yeye. Walisema amemroga ndugu yake ili arithi chai. Wakakuleta wewe mbele ya watu wazima waliokasirika wakakuuliza kama umemwona akitia kitu kwenye uji, wakakuuliza kama kilikuwa cheupe, nawe ukasema ndiyo. Ilikuwa sukari. Mama alijua ni sukari na akanyamaza, nami pia nilikuwepo. Nyumba yake ilichomwa jioni ile, akakimbilia Nyamache, na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumfuata.

Nilikwenda Nyamache siku ya soko. Nilimkuta ameketi nyuma ya ndizi zake, amezeeka, lakini mikono yake imetulia kabisa. Ugonjwa ule ulimpita. Alinitambua kabla sijasema jina. Nilipiga magoti pale kwenye maganda nikamweleza yote, kwamba ni ugonjwa wa damu, kwamba una jina, kwamba hakuna aliyeroga mtu. Nilidhani atalia au atanifukuza. Aliendelea kupanga ndizi. Kisha akasema yeye siku zote alijua hakuroga, kwa hiyo sikumletea habari yoyote.

Nikamwomba arudi nyumbani. Akasema hapana, kwenye ardhi ile hatalala tena. Kisha akauchukua mkono wangu uliokuwa ukicheza, akaubana kati ya mapaja yake na kikapu ili utulie, akasema, "Nilimnywesha baba yako. Ukishindwa kushika kikombe, njoo huku, nitakunywesha na wewe."

Nililia mpaka wateja wakaondoka. Nilipokuwa nikiinuka kuondoka akauliza habari zako. Nilimwambia umeoa, unafundisha, unatarajia mtoto. Nilingoja aseme neno juu ya siku ile, nikiwa na majibu tayari, kwamba ulikuwa mtoto, kwamba watu wazima walikutia maneno mdomoni. Hakuyataka. Aliniuliza jambo moja tu.

"Na Mose," akasema, "mikono yake imetulia?"

Nilijaribu kukumbuka ulivyoshika kikombe ulipokuja Desemba, ulivyombeba mtoto wa jirani, nikaona kwamba sijawahi kukuangalia mikono.

Daktari anasema kupimwa ni hiari yako, na wapo wanaochagua kutojua. Sitakusukuma. Lakini Emily ana haki ya kuambiwa, na aambiwe na wewe, si na mimi wala na watu wa kanisa. Na nenda Nyamache ungali na nguvu za kwenda kwa miguu yako. Sisemi atakusamehe. Sijui kama ameshanisamehe mimi.

Mama Ishan anakusalimu sana, na majirani wote. Mwambie Emily nampenda, na kwamba nitamtumia unga wa wimbi kwa mtu wa kwanza atakayesafiri kuja huko. Mungu awe karibu nanyi usiku na mchana, hata pale ambapo mimi simwoni.

Usinipigie simu ukimaliza kusoma. Keti kwanza, nyoosha mikono yako mezani, uiangalie. Halafu uniandikie ulichoona.

Ni mimi dada yako,
Nyakerario.