Mama Mkwe Anataka Punda Wake Waingie Kwenye Kamusi ya Mtandaoni

Shikamoo mshauri Hilaria. Mwenzako nimebanwa kweli, na usiponisaidia kabla ya Jumapili sijui sura yangu nitaiweka wapi. Mimi ni kijana wa Dongobesh, nina duka la kuchapa na kutoa kopi, na wateja wasipokuwepo huwa najitolea kuhariri ile kamusi elezo ya bure ya mtandaoni ambayo kila mtu anaruhusiwa kuiandikia, kazi ninayoipenda sana, na nina mchumba, Evaline wa Maretadu, posa imeshapokelewa na harusi ni baada ya mavuno. Sasa mama yake, mama Marieta, ni mwenyekiti wa shirika dogo linaloitwa Punda wa Zamu, wanafuga punda wa pamoja na kuwapeleka kwa zamu kwa wajane na wagonjwa wasombe maji na mahindi, kazi nzuri kabisa, hata bibi yangu amesombewa, basi mama akaniomba niliweke shirika kwenye kamusi, na mimi kwa kutaka kupendwa nikaliweka siku ileile, naye akasimama kanisani baada ya matangazo akasema sasa punda wetu wanajulikana dunia nzima, watu wakapiga vigelegele.

Mshauri, haikupita wiki mhariri mwenzangu, Patriki, akapendekeza makala ifutwe kwa sababu hakuna gazeti, kitabu wala redio iliyowahi kulizungumzia shirika hilo, vyanzo nilivyoweka ni bango lao wenyewe na tangazo la kanisa ambalo nililichapa mimi, na tuna hadi Jumapili kujadili kama ibaki au iondoke. Nilipomweleza mama kwamba panatakiwa maneno ya watu wasio wanachama, akaenda kuwaleta kama anavyoleta mashahidi kwenye kikao cha kijiji, hata watu wa kijiji cha Masieda walikuja, wakapanga foleni dukani kwangu na kuandika mmoja mmoja kwenye ukurasa wa mjadala kwa kompyuta yangu. Baba Yoakimu aliandika, "Shikamooni wakubwa wa kamusi, mimi ni shahidi, punda hawa nimewaona kwa macho yangu na hawapigi mateke." Mama Letisia yeye akaomba msamaha kwamba alikaa na punda kupita zamu yake.

Sasa Patriki anasema watu wote hao ni mimi, kwa kuwa wametokea kompyuta moja, na ananiuliza mbele ya wenzetu, wewe ni mwenyeji wa huko, sema ukweli, linastahili? Moyoni najua bado. Lakini mama ameshaniambia, "Wewe kijana, kama punda tu wanakushinda kuwatetea, binti yangu utamtetea wapi?" Evaline anacheka tu, anasema hayo ni yangu na mama yake. Nikisema ibaki nadanganya, nikisema ifutwe nakosa mke. Nifanyeje?

Gidion, Dongobesh

Gidion, marahaba. Nimecheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kuuliza kuna nini, halafu nikakuonea huruma, halafu nikakasirika kidogo. Sheria za kamusi ulizijua kabla mama hajakuomba. Ukaona tabasamu la mkwe, zote zikakutoka kichwani! Sasa unanililia mimi.

Kamusi hiyo si jukwaa la kupongezana. Inakusanya yale ambayo watu wengine, wasio ndugu wala wanachama wala waliosombewa mahindi, wamekwisha kuyachunguza na kuyaandika mahali. Shirika linaweza kuwa zuri sana na bado likawa halijaandikwa na mtu. Na usije ukakata kipande hiki cha gazeti ukakifanya chanzo, nakujua. Mimi punda hao sijawaona, nimesimuliwa na mkwe wao.

Patriki hana kosa, acha kumnunia. Mwandikie waziwazi kwamba mwenyekiti ni mama mkwe wako mtarajiwa, kwamba makala uliianzisha wewe, kwamba wale ni watu wa kweli waliotumia kompyuta ya dukani, na kwamba kwa maoni yako iondolewe kwa sasa. Usimung'unye maneno. Wahariri wenzako watakuheshimu zaidi, na wakikucheka kidogo utavumilia.

Kwa mama usiende peke yako. Jambo kama hili kijana hamwelezi mkwe wake akiwa amesimama mlangoni, mchukue mshenga wako mwende kwa utaratibu. Usimwambie "halistahili", maana atasikia kwamba kazi yake haina thamani, na huo ni uongo. Mwambie bado hawajapata wa kuwaandika. Ashauriwe kuwaalika watu wa redio siku punda wanapobadilisha nyumba, waulize maswali yao, wawasikilize hata wanaolalamika kwamba zamu yao inachelewa. Wakiona pana habari wataitangaza wenyewe, wasipoiona, wajane wataendelea kuletewa maji vilevile. Na akikuuliza tena kuhusu binti yake, mjibu kwa adabu kwamba kijana anayemdanganyia mkwe leo, kesho atamdanganya mke.

Sidhani kama utamkosa Evaline. Msichana anayecheka wakati wewe unatetemeka anakufahamu vizuri.

Neno la mwisho, na hili ulishike. Andika maoni yako kwanza, yatume, ndipo ufunge safari ya Maretadu. Ukitangulia kwenda utawekewa chai na viazi, utaitwa mwanangu, na ukishamaliza kikombe cha mama mkwe hutaandika kitu.