Mitutu Isiyo ya Kulungu

Jumatatu, 27 Oktoba 2025

Leo saa nne asubuhi mashine zote zilizimwa. Nilidhani umeme umekatika. Kumbe mkutano! Tukasimama katikati ya kiwanda, watu mia na ushee, na mkubwa mmoja ambaye sijawahi kumwona akapanda juu ya sanduku. Alisema raia hawanunui bunduki kama zamani. Maduka yamejaa, hayaagizi tena. Kwa hiyo kampuni inaachana kabisa na bunduki za raia — za kuwindia, za kulengea shabaha, zote. Kuanzia mwaka mpya ni majeshi, polisi na serikali za nje tu. Aliita hiyo hatua mbele. Makofi yalikuwa machache.

Mwita akaninong'oneza: "Dada Hono, sisi tulikuwa wa kulungu. Sasa kulungu kafukuzwa kazi." Nilicheka. Halafu nikajisikia vibaya mpaka jioni.

Maana miaka minne nimejiambia neno moja: mitutu ninayokagua ni ya kulungu. Wazungu wa Virginia huko, jimbo la jirani, baridi ikianza, wanavaa fulana za rangi ya chungwa, wanaingia porini, wanaua kulungu, wanakula. Basi. Binti yangu Uwase shuleni anafanya mazoezi ya kujificha chini ya dawati, mwenye bunduki akiingia, mimi nasema kulungu. Nilijua nusu yake ni uongo. Ile nusu nyingine ilinitosha kupata usingizi.

Sasa hata hiyo nusu wameichukua.

Jumanne, 28 Oktoba

Bahasha zimegawiwa. Mwita amepata. Wengine kama sitini wamepata. Mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, kisha kwaheri. Mimi sikupata — wala sikufurahi. Tangu nianze kazi Mwita ananibeba kwenye gari lake, kutoka Riverdale Park mpaka huko kiwandani, mbele ya Upper Marlboro, na kila siku ni taarabu mpaka masikio yaume. Leo hakuwasha redio. Alisema atarudi kuendesha teksi ya Uber. Akasema mimi nina bahati.

Alhamisi, 30 Oktoba

Sebastian, msimamizi wetu, kaniita ofisini. Kanipa kahawa! Haijawahi kutokea. Wanataka niwe mkaguzi wa mwisho wa mkataba mpya. Yaani mtutu ukitoka mikononi mwangu hauangaliwi tena na mtu yeyote. Napiga muhuri wangu, unafungwa, unaondoka. Alisema miaka yote hii hakuna mtutu hata mmoja uliorudishwa kwa kosa langu. Alilisifia jicho langu.

Nikauliza zinakwenda nchi gani. Alisema hilo haliko juu yetu, hata yeye haambiwi. Alisema kwa upole kabisa, huwezi hata kumchukia. Karatasi ya kusaini amenipa. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo saa tatu asubuhi. Nikikataa, bahasha.

Nikikataa narudi kazi yangu ya zamani ya kunyanyua wazee. Mgongo wangu ulikufa kwa kugeuza watu vitandani, zamu mbili kwa siku, mpaka daktari akanikataza. Hapa ndipo nilipopata kupumzika. Kwenye bunduki! Mungu wangu, nimepumzikia kwenye bunduki.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mama kaniuliza mbona sili. Nikasema wamenipandisha cheo. Ndivyo nilivyosema, mjinga mimi! Mama anajua natengeneza vipuri vya mashine. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza, na hakuuliza tena. Akapiga vigelegele jikoni peke yake, kisha akampigia simu Mchungaji Aaron.

Ningemwambia nini? Baba na kaka yangu Respicius walipigwa risasi uani kwetu, Fizi. Mama alikuwa kwenye shamba la muhogo, amelala kifudifudi, mimi chini yake, kiganja chake mdomoni mwangu. Alisikia risasi zote. Tulipofika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alikuwa akizihesabu usingizini. Mama huyo ndiye nimwambie?

Halafu nimevua koti na kukuta mfukoni kipimo kipya cha kazini, nilikisahau. Kijiti cha chuma, sawa na kalamu, unakipitisha ndani ya mtutu kuona kama tundu liko sawasawa. Hakiruhusiwi kutoka kiwandani! Jumatatu nitakirudisha kimyakimya.

Jumapili, 2 Novemba

Nataka kuiandika yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Jumapili ya kwanza ya mwezi kanisani kwetu ni siku ya mikono. Kila mtu analeta madhabahuni kitu anachofanyia kazi, kiombewe. Madereva funguo. Wanaotunza wazee glavu. Mama Violet huja na ufagio wake wa ofisini, bila aibu. Mimi pia hupeleka glavu. Leo Mchungaji alipoita, Mama akanitangulia — na kipimo mkononi! Alikitoa kwenye koti langu. Aliona glavu hazifanani na cheo kipya. Tena alikuwa amekipangusa kwa mafuta ya kupikia ili king'ae.

Akashuhudia. "Mutoto yangu bamemupandisha! Alifika hapa hajue hata kusema bonjour ya Kingereza, leo iko chef, mukubwa!" Vigelegele, ngoma, watu wamesimama. Mchungaji akakishika kipimo kwa mikono miwili, akakiinua, akaomba — nakumbuka neno kwa neno — kwamba kila kitu kitakachopimwa kwa chuma hiki kifike salama kinakokwenda, kikaifanye kazi kiliyotumwa. Kanisa zima: Amina! Watu mia mbili, na nusu yao wamefika nchi hii kwa kukimbia risasi. Na mimi nikasema amina. Mdomo ulijisemea.

Nje kwenye maegesho, Gad alinirudishia kipimo. Gad ni mzee wa kanisa. Wanamgambo walimchukua akiwa mdogo, wakampa bunduki. Sote tunajua, hushuhudia mwenyewe. Alikizungusha vidoleni, akasoma namba iliyochongwa. "Cinq cinquante-six," alisema polepole, tano nukta hamsini na sita, risasi ya bunduki za jeshi. Nilingoja anitemee mate. Kweli kabisa, nilitamani anitemee. Akasema tu, "Dada Hono, tutazungumuza," akakiweka mkononi mwangu na kuondoka.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimekirudisha. Hakuna aliyeona. Wakati wa chakula nilijaribu kuandika barua ya kukataa. Mistari miwili. Nikafuta.

Jumatano, 5 Novemba

Imekwisha. Mama anajua.

Gad alikuja saa kumi na moja jioni, kavaa suti ya Jumapili. Mkononi bahasha. Nikajua amekuja kunikemea kwa niaba ya wazee. Akanywa chai, akamsalimu Mama vizuri, akauliza habari za magoti yake. Kisha akafungua bahasha, na ndani ni CV. CV!

"Dada, nasikia batafungula zamu ya pili. Mimi bunduki naijua. Naifungula na kuifunga macho ikiwa imefumbwa. Unisemee kwa chef wako."

Mbele ya Mama. Alidhani Mama anajua. Nani angedhani vingine? Nani anamficha mama yake mzazi kazi yake miaka minne?

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa CV. Hasira zilinipanda. Nikamwambia, wewe Gad? Wewe kati ya watu wote? Akainamisha kichwa. Alisema ana watoto watano, na mikono imebabuka kwa sabuni za kufulia mashuka ya hoteli. Na bunduki zitakwenda tu, alisema, hata kama yeye hakuzigusa. Maneno yangu hayo! Ndiyo niliyokuwa nikijisemea tangu Alhamisi, na nilikuwa nayaona yana akili.

Mama aliweka kikombe mezani. "Bunduki gani?"

Uwase akatokeza kutoka chumbani, kavua visikilizio. "Koko, Mom makes guns. I thought you knew." Koko ni bibi, na neno guns hata Mama analielewa. Eti alijua tangu darasa la saba, alilitafuta jina la kampuni kwenye simu. Mtoto wangu amenifichia siri yangu miaka mitatu, na mimi namwona hana habari na dunia!

Gad alikusanya karatasi zake na kuaga. Mama aliniangalia mimi.

"Munauzisha nani?"

Serikali, nikasema.

"Serikali gani?"

Sijui, Mama. Hatuambiwi.

"Bale balikuja kwetu, nabo balivaa nguo ya serikali." Akainuka kwa kushika meza, akaenda chumbani. Sikusikia akilia. Ingekuwa afadhali.

Alhamisi, 6 Novemba

Mama hali chakula nilichopika. Amekula ndizi alizoletewa na Mama Violet. Lakini nimerudi nimekuta amezifua nguo zangu za kazi, amezipiga pasi, amezitundika. Sijui nielewe nini.

Nikapiga magoti, nikamwonyesha karatasi ya kusaini. Mama, sema neno moja, naacha kazi. Moja tu. Akaniuliza kama mgongo bado unauma. Nikasema unauma. Akasema, "Sawa," akageukia ukuta.

Ananiachia mimi. Sina nguvu za kuachiwa.

Ijumaa, 7 Novemba

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, alfajiri. Naandikia chooni, nimekaa juu ya kifuniko.

Nilipoamka nimemkuta Mama sebuleni. Kavaa kitenge chake cha misibani na koti langu la baridi juu yake, mkoba mapajani. Kiti amekisogeza mpaka mlangoni. Nikauliza anakwenda wapi. Anakwenda kazini kwangu! Anataka kumwona chef, amwulize zinakwenda wapi. "Weye habakuambie kwa sababu uko mutoto kwabo. Mimi niko muzee. Muzee akiuliza, banajibu."

Nilitaka kumwambia hata getini hatapita. Kuna kamera, kuna kadi, mlinzi atamwuliza kitu kwa Kiingereza naye atatabasamu, atarudia jina lake lote mpaka achoke. Sikumwambia. Nimeshindwa kabisa. Amechana nywele, amepaka mafuta mikononi kama anakwenda kuposa.

Karatasi nimesaini. Nimesaini sasa hivi, hapahapa chooni, kwa kalamu hii hii, juu ya goti. Imekunjwa ndani ya soksi. Sijui kwa nini soksi.

Mwita yuko chini, anapiga honi. Leo ndiyo siku yake ya mwisho na hataki kuchelewa, mtu wa ajabu. Honi tena. Uwase anapiga kelele chumbani kwamba watu wamelala.

Mama anagonga mlango wa choo. Anasema tunachelewesha mtu wa watu. Namsikia anapumua palepale, kasogeza uso kwenye mbao. Anauliza polepole, Uwase asisikie, kama ile karatasi nimeshaiweka jina.

Nimefungulia maji ya sinki.