Carabine Iliyotunzwa Sana

Liège, 4/5/2024

Mutoto wangu Consolate,

Jambo sana. Mugongo wa mama yako Clémence unaendelea je? Na kaka yako Mugisho? Miye niko muzima, baridi tu njo inanisumbua.

Ile carabine ya hewa imefika? Blanchard, yule anayetuma mizigo huko, aliificha kati ya masufuria ndani ya kontena yake. Haina baruti, hewa njo inasukuma plomb, karisasi yake. Lakini uiheshimu sawa bunduki ya kweli: kidole mbali mpaka uko tayari, na mudomo wake usielekee mutu hata siku moja. Weka cible, karatoni ya kulenga, metre kumi, nyuma yake udongo, hapana jiwe, plomb itakurudia usoni. Vuta pumzi, toa nusu, tulia, finya polepole.

Hapa club yangu tunapiga shabaha kila jeudi. Ukijua vizuri, watakuandikia mwaliko uje kushindana. Na kila samedi uisafishe! Mwenye carabine chafu, huku wanamucheka.

Papa yako, Isidore

Bukavu, 16/9/2024

Papa,

Pole na baridi. Siye tuko, Mungu anasaidia.

Miaka kumi hatukuoni, halafu unatuma bunduki! Mama alipoifungua alipiga kelele: «Jamani, huyu mwanaume anataka tuuane?» Sasa amezoea. Ninapigia kijijini Mudaka, ndani ya shimo la matofali la mama mukubwa. Mugisho ananisimamishia cible. Yeye mwenyewe hata kanisa likiwa mbele yake halipati.

Nilifanya ujinga moja: nilimwaga mafuta ya cherehani ndani kabisa. Ikalia PAA, moshi ukatoka, Mudaka nzima ikalala chini. Weee! Mama mukubwa haniongeleshi mpaka leo.

Ninakutumia picha za cible. Angalia matundu, Papa. Yote katikati.

Mutoto yako, Consolate

Liège, 12/1/2025

Consolate wangu,

Heri ya mwaka. Mugongo wa mama, je?

Mafuta ni nje tu, ndani yanawaka! Tone moja juu ya kitambaa, upanguse chuma. Ndani ya mudomo pitisha kitambaa kikavu. Kaza na vis zake, skrubu zisilegee.

Picha zako nilionyesha président wa club, akashangaa. Tunza karatoni zote, tutaziweka ndani ya dossier yako ya mwaliko.

Papa yako

Bukavu, 4/4/2025

Papa,

Leo sikuulizi afya, unisamehe. Wamemubeba Mugisho.

Mji uko na wakubwa wapya, wale walioingia na bunduki. Walitangaza kila mwenye silaha ailete. Mama akataka itoke nyumbani, Mugisho akaamua kuipeleka. Wakaigeuzageuza: hakuna kutu, hakuna vumbi, inanukia mafuta. Mukubwa wao akasema: «Raia hatunzi silaha hivi. Huyu ni askari.» Wakaja kupekua, wakapata karatoni zangu. Wakauliza nani anapiga hivi. Nilifungua kinywa, Mugisho akanitangulia: «Ni miye.»

Mugisho, Papa! Mutu asiyeweza kupiga kanisa!

Bisimwa, chef wa avenue yetu, mukubwa wa mutaa, aliongea nao. Watamuachilia tukileta barua ya club, na cachet, muhuri yao, na namba ya carabine, kwamba ni ya sport. Jeudi ijayo, tarehe 10, watawapandisha wote gari, hatujui wapi. Andika leo, Papa, utume kwa simu. Leo!

Mutoto yako, Consolate

Liège, 9/4/2025

Mutoto wangu,

Barua hii niliianza mara tano. Miye si mutu wa club. Ninafagia pale, ninaosha vyoo. Carabine niliitoa ndani ya kabati yao. Namba ile iko polisi, kati ya vitu vilivyoibwa. Nikiomba cachet, watajua, na sina karatasi za kukaa, watanifukuza nchi hii. Picha zako sikuonyesha mutu.

Bisimwa aongee nao tena. Ombeni sana. Mama asijue.

Papa yako

Bukavu, 12/4/2025

Muzee Isidore,

Mama nimemusomea yote.

Jeudi asubuhi nilienda kwao, nikasema ni miye ninapiga. Wakacheka. Nikawaambia wanipe ile carabine niwaonyeshe, wakanisukuma mpaka barabarani. Saa nne gari ikapita. Mugisho alikuwa juu, kati ya wengine. Alinikatalia na kichwa, nisiseme kitu.

Unaandika wangekufukuza. Wangekuleta wapi, Muzee? Hapa, kwetu. Kwa Mama, kwa miye. Hiyo njo uliogopa, kuliko Mugisho kupanda ile gari.

Consolate