Mkono Wako, Dada Poongodi

Melapatti,
Jumatano, 21 Aprili

Mpendwa Dada Poongodi,

Salamu nyingi zikufikie huko milimani, wewe na shemeji. Goti lako linaendeleaje? Uliniandikia kwamba unapanda ngazi mia mbili kila asubuhi kufika darasani. Mimi sijambo, ila nimechoka. Mgongo hauniachi, na joto la mwezi huu limetukausha sote.

Habari kubwa ni kwamba Ijumaa nastaafu. Miaka thelathini na moja ya kufundisha sayansi, kumi na tisa kati yake nikiangalia na kompyuta za shule. Unaijua kazi yenyewe: kuwavua watoto viatu mlangoni, kupigana na panya wanaotafuna nyaya, na kumfundisha mwalimu mkuu, Bwana Ilangovan, kila Jumatatu namna ya kusoma barua pepe zake. Juzi kaniuliza tena nywila. Nikamwambia ni jina la mkewe. Akasema ajabu, yeye wiki nzima anaandika la mama mkwe.

Shali ya heshima nitakayovishwa kwenye sherehe ya kuniaga imeshapigwa pasi. Mwalimu wa Kitamil ameandika hotuba. Ananiita mama wa kompyuta, aliyewafundisha watoto wasiamini lolote bila ushahidi. Alinipa niisome wakati wa chakula, nikamrudishia na kuuacha wali nusu sahani.

Unaikumbuka sikukuu ya zana, miaka tisa iliyopita. Siku ile kila kifaa hupumzishwa na kupakwa liwa na unga mwekundu, hata baiskeli ya mlinzi. Nami nilisimama mbele ya walimu nikawacheka, nikasema kompyuta haili liwa, wakapake viti. Wewe ukaiwasha kompyuta kuu siku hiyohiyo kuingiza alama za darasa la kumi, kwa kuwa ofisi ya wilaya ilizitaka kesho yake. Baada ya saa mbili ikazimika moja kwa moja, na alama zote zikapotea. Wenzetu wakasema umeisumbua zana siku ya mapumziko yake, mungu wa elimu amekasirika, Poongodi ana mkono wa mkosi. Bwana Ilangovan alisema yeye haamini hayo, ila wazazi wanaamini. Mwezi haukwisha, ukapewa uhamisho.

Dada, haukuwa mkono wako. Asubuhi ile, kabla hamjafika, niliingia peke yangu chumba cha kompyuta na kikombe cha maji ya unga wa manjano na liwa. Mwaka uliotangulia nusu ya darasa langu walikuwa wamefeli, nami niliogopa. Marehemu mama hakushona bila kuipaka cherehani yake, nikajiambia, kwani itadhuru nini. Kikombe kikaniponyoka juu ya matundu ya hewa ya kompyuta kuu. Nikafuta nje, nikaondoka. Ilipoharibika, niliifungua kabla fundi hajaja, nikakuta manjano ndani, nikayasugua kwa pamba na spiriti hadi yakaisha. Kisha nikanyamaza. Nilikuacha ubebe laana ambayo mimi mwenyewe sikuiamini. Naona aibu sana.

Jana nilimweleza Bwana Ilangovan. Akaniambia taratibu kwamba yaliyopita si ndwele, nisiharibu sherehe ya watu. Nikamjibu kuwa ndwele ipo, inapanda ngazi mia mbili kila siku kwa goti bovu. Akafungua kabati, akanitolea daftari la vifaa. Ukurasa wa siku ile, penye sababu ya kuharibika, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, “Haijulikani.” Nimelikata neno hilo, nikaandika: “Maji ya manjano na liwa. Aliyemwaga ni mimi.” Nimetia sahihi. Nakala nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ipeleke ofisi ya wilaya ukipenda. Ijumaa nitausoma ukurasa huo mbele ya watu kabla sijavishwa chochote.

Msamaha siuombi leo. Kilichonifanya niandike ni barua yako ya mwisho, uliposema siku hizi kompyuta huigusi, humwomba mwenzio akuwashie, maana huenda watu walisema kweli. Wewe, mwalimu wa hesabu.

Nisalimie shemeji na wanafunzi wako. Nawe, tafadhali, kesho ukifika shuleni usimwite mtu. Iwashe mwenyewe.

Mdogo wako,
Thangamani